Asiyejua Mpira, Acheze?

Jumapili alasiri, vumbi la kiangazi linapotanda juu ya viwanja vya Dilala, liko swali linalogombanisha watu kuliko habari ya nani kashinda. Ni hili: asiyejua mpira acheze, au akae pembeni? Hatusemi juu ya klabu kubwa. AS Simba ya hapa Kolwezi huchagua walio bora, wala hakuna anayeilaumu. Tunasema juu ya mashindano madogo ya mtaa, ambamo mchimbaji, mwalimu, fundi wa kuchomelea vyuma na kijana wa miaka kumi na saba hutoa kila mmoja faranga kidogo za kununua mpira, kisha wakajigawa katika ekipe nne au sita.

Wengine husema: "Haki ni wote kucheza sawasawa, maana wote wametoa faranga." Wengine hujibu: "Haki ni kumpa mtu kadiri ya uwezo wake. Mwenye mguu mzuri acheze, mwenye mguu mbaya apige makofi." Kila upande unataja haki, na ndiyo maana ugomvi hauishi.

Aristoteli, yule mwenye hekima wa Wagiriki, aliuliza jambo linalofanana na hili katika kitabu chake cha Siasa. Zikiwapo filimbi za kugawa, apewe nani iliyo nzuri kuliko zote? Asipewe kwa ajili ya ukoo mkubwa wala kwa uzuri wa sura. Apewe anayeipiga vizuri, kwa kuwa filimbi ni ya kupigwa. Hapo wenye miguu mizuri watashangilia. Wangoje kidogo. Mwenye hekima huyo anatufundisha kutazama kwanza kitu ni cha kazi gani, ndipo tujue apewe nani. Filimbi ni ya muziki. Je, mashindano ya mtaa ni ya nini?

Kama ni ya kutafuta kombe, wenye miguu mizuri wana haki na maneno yameisha. Lakini kombe halipo. (Mara nyingine yupo mbuzi, naye huliwa na wote, hata na walioshindwa.) Watu hawa wanakusanyika kwa sababu juma zima hawakutani: mmoja yuko zamu ya usiku mgodini, mwingine yuko mbele ya ubao, mwingine sokoni. Basi kama ndivyo, dakika za kucheza ndizo mali yenyewe inayogawiwa. Aliyekaa pembeni tangu mwanzo hata mwisho hakupata mashindano, amepata jua tu.

Ndugu zetu wa Lubumbashi wanayo habari ya kutufaa hapa. Mwaka 1939, mji ule ukiitwa bado Elisabethville, watawa Wabenediktini wa shule ya Saint-Boniface walianzisha ekipe ya mpira, wakaiita Saint Georges, ili vijana wa skauti wapate mchezo zaidi. Ekipe ile leo ni TP Mazembe. Ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967, tena 1968; na mwaka 2010 ilifika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kule Abu Dhabi, ikafungwa 3–0 na Inter ya Milano. Ni sifa kubwa kwa Katanga yote, nasi tunaifurahia. Lakini tuangalie jambo moja. Ekipe inapopanda, kila ngazi huwaacha wengine chini, nao ni wengi kuliko wanaopanda. Lazima awepo mtu wa kutunza kiwanja kwa ajili yao.

Kijana hodari naye ana neno lake, nalo tusilidharau. Katika nchi hii vijana wengi hushuka mashimoni kutafuta shaba na kobalti, na wengine hawapandi tena. Kwake yeye mguu wake huenda ni mkate. Akija mtu wa klabu kutafuta wachezaji, amkute amekaa chini ili baba mdogo mwenye kitambi apate zamu yake, je, hatukumwibia? Tunajibu hivi: huyo kijana apelekwe klabuni, wazee wa mtaa wamwombee majaribio na kumchangia viatu. Hilo ni deni letu kwake. Hata hivyo Jumapili atapoteza dakika zake kadhaa, na hasara hiyo ni ya kweli. Tusimwambie kuwa si kitu.

Liko kosa lingine lililo baya zaidi, maana linavaa nguo za haki. Asiyejua anaingizwa uwanjani, saa inahesabiwa, lakini hakuna anayempigia pasi. Anakimbia huku na huku kama mgeni katika karamu asiyepewa sahani. Au kinyume chake: anaachiwa afunge bao, na watu wanacheka chinichini. Yote mawili ni dharau. Mtu dhaifu anataka apewe mpira kwa kweli, na adui amnyang'anye kwa kweli. Akikosa, basi amekosa, mchezo uendelee. Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha ya kwamba katika mchezo pia mna fadhila, na ya kwamba anayewazuilia wenzake furaha yao anakosa. Tunadhani maneno hayo yanamhusu sana yule fundi wa mpira anayenuna kila mwenzake akipoteza pasi.

Kwa matendo, njia ziko. Makapteni wachague watu kwa zamu: wa kwanza achukue mmoja, wa pili achukue wawili, na kuendelea hivyo. Wacheze saba kwa saba katika kiwanja kidogo, maana watu wakiwa wachache mpira humfikia kila mmoja. Ekipe moja ikiongoza kwa mabao matatu, mchezaji wake mmoja hodari avukie upande wa pili. Hapo hakuna aliyeachiwa kitu, na mchezo unakuwa mgumu tena kwa wote. Ekipe zivunjwe na kupangwa upya kila mwezi.

Limebaki jambo la kipa. Mitaa karibu yote humtupa golini yule asiyejua, kisha humtukana akifungwa. Sisi tungesema golini waingie wote kwa zamu, dakika kumi kumi, tukianza na kapteni.