Bogenvilia na Mkorosho

Mtu wa Newala aliyejaaliwa kiwanja kidogo, juu ya nyanda za Makonde ambako mvua huzama mchangani upesi na chemchemi hutokea chini mabondeni, aweza kuulizwa kama ni halali kuotesha bogenvilia mahali ambapo mkorosho ungesimama. Wepesi wa kuhukumu husema ni israfu. Na hoja yao ina nguvu, maana Mtume alifundisha kuwa mti apandao Mwislamu, akila humo ndege, mnyama au binadamu, huwa sadaka kwake, na mkorosho una korosho kwa mnunuzi na bibo kwa watoto (uraka, kileo cha mabibo, siutaji; wenyewe wanaujua).

Lakini israfu ya nini? Bogenvilia ikishashika mizizi huridhika na maji machache, na hata huchanua zaidi ikiwa na kiu. Wala haifai kuiita yenyewe tu mgeni, kwani asili ya mimea yote miwili ni Amerika ya Kusini, na mkorosho wenyewe uliletwa na Wareno.

Katika Sura An-Nahl, baada ya kutajwa joto na chakula tupatavyo kwa mifugo, hutajwa mara uzuri wake irejeapo jioni; na Wakristo wa Masasi, walikofika wamisionari wa Kianglikana wa UMCA mwaka 1876, husoma katika Injili habari za maua ya kondeni yasiyofanya kazi. Basi uzuri nao ni neema. Ila mwenye nafasi ya mche mmoja tu, na karo ikimngojea, apande mkorosho; bogenvilia ataitazama bure uani kwa jirani.