Hisabu Ni Lugha, Basi Tuiulize Yasema Nini

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu, katika darasa letu la baina ya Magharibi na Isha hapa Eldoret, kijana mmoja aliuliza suali. Alisema: "Sheikh, skulini twafundishwa kuwa hisabu ndiyo lugha ya maumbile, na kwamba asiyeijua hawezi kuzisoma mbingu wala ardhi. Je, Muislamu yajuzu aitakidi hivyo?" Kabla sijafungua kinywa, mzee wetu mmoja akamjibu: "Mwanangu, lugha yetu sisi ni ya Qurani. Hisabu ni ya dukani." Watu wakacheka, lakini suali halikujibika, na baadaye kukawa na maneno. Kwa hivyo nimeona niandike jawabu, na nitaanza kwa kosa langu mwenyewe.

Mwaka wa kwanza niliohamia mji huu kutoka Pwani, nilikuja na ratiba ya swala ya Mombasa mfukoni. Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Siku ya kwanza nilitazama ratiba, nikatazama saa, nikafungua tende nikala. Kijana aliyekuwa kando yangu akaniambia kwa adabu: "Sheikh, jua lile pale." Nikainua macho, nikaliona jua halijatua. Nilitahayari tahayuri kubwa, na siku ile nikailipa baada ya Idi.

Je, ratiba ilisema uwongo? La. Ratiba ilisema kweli, lakini ilisema kweli ya Mombasa. Jua huonekana kuzunguka digrii 360 kwa saa 24, na maana yake ni dakika 4 kwa kila digrii moja. Eldoret iko magharibi ya Mombasa kwa digrii 4 na zaidi kidogo, basi jua hupita juu yetu takriban dakika 17 au 18 baada ya kupita juu ya Mombasa. Anayeswali Adhuhuri hapa kwa dakika ya mwanzo ya ratiba ya Mombasa, ameswali kabla ya wakati kuingia. Na anayefuturu kwayo, yamfika yaliyonifika mimi.

Sote tuliosoma chuoni twajua kuwa jumla ismiyya haitimii ila iwe na mubtadaa na khabari. Ukisema "amesimama" usimtaje nani, hujasema kitu. Basi nambari ni khabari, na mubtadaa wake ni kile kinachopimwa, na mahali pake, na wakati wake. Mimi niliichukua khabari ya mji mmoja nikaipa mubtadaa wa mji mwingine. Kosa langu lilikuwa kosa la lugha, kwani hisabu yenyewe ilikuwa sahihi.

Kwa hivyo kijana wetu hakukosea. Hisabu ni lugha, na yafaa kuelezea maumbile. Wazungu humtaja Galileo, mwanachuoni wa Italia, aliyeandika mwaka 1623 kuwa ulimwengu ni kitabu kilichoandikwa kwa lugha ya hisabu. Lakini sisi twasoma katika Suratur-Rahman, aya ya 5, kuwa jua na mwezi huenda kwa hisabu, na katika Surat Yunus, aya ya 5, kuwa mwezi umekadiriwa vituo ili tujue idadi ya miaka na hisabu. Mwenye kuidharau hisabu kuwa ni ya dukani tu, na azisome aya hizi tena.

Wazee wetu waliotangulia walifahamu hayo. Al-Biruni alimaliza mwaka 1025 kitabu kizima cha kupima mahali pa miji, na katika makusudio yake ilikuwa kujua kibla cha mji wa Ghazna. Ibn al-Shatir alikuwa mwenye kushika nyakati za swala katika Msikiti wa Bani Umayya, Damascus, akautengenezea mnara wake saa ya jua mwaka 1371. Hao hawakuona kuwa kuhisabu ni kutoka katika dini. Waliona kuwa swala ina wakati na ina upande, na kwamba wakati na upande hupimwa.

Na hapo ndipo kwenye jambo lililoleta maneno katika darasa letu. Wengi wetu tuliotoka Pwani tumezoea kuelekea kaskazini. Mombasa ni sawa, kwani Makka iko karibu kaskazini yake kabisa. Lakini Eldoret kibla kimeelekea mashariki ya kaskazini kwa digrii karibu 12. Anayesimama hapa akaelekea kaskazini safi, ukiuvuta mstari wake mpaka usawa wa Makka, utapita jangwa la Sudani, ng'ambo ya Bahari ya Sham, takriban kilomita 470 magharibi ya Alkaaba. Kijana alipolisema hili kwa simu yake mkononi, mzee akasema: "Baba zetu wameswali hivi." Kijana akajibu kwa ukali, na nyoyo zikachafuka.

Nawaambia wote wawili. Ewe kijana, simu yako nayo hudanganyika ikiwa karibu na chuma, na ulimi mkali haukupi haki hata ukiwa na nambari sahihi. Nawe mzee wangu, waliotangulia walijitahidi kwa walichokijua, na twataraji kwa Mola wetu swala zao ni makubuli. Lakini aliyefikiwa na ujuzi hana udhuru wa yule ambaye haukumfikia.

Tena hapana haja ya kumwamini mtu kwa neno lake. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, jua huwa juu ya Alkaaba sawasawa. Kadhalika tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27. Saa yetu na saa ya Makka ni moja. Simika mti ulionyooka uwanjani, utazame kivuli chake, ambacho kwetu hakifiki nusu ya urefu wa mti. Kivuli kipe mgongo, jua lipe uso: hicho ndicho kibla chako. Ukikuta mstari huo wakubaliana na hisabu, utajua kuwa lugha hii imesema kweli. Na usipokubaliana, basi kuna aliyekosea kuhisabu au kusimika mti.

Lakini nisije nikamwacha kijana wetu akadhani kuwa lugha hii yasema kila kitu. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa. Kivuli kilipita kaskazini ya Uganda na Turkana, na hapa kwetu jua lilifunikwa sehemu kubwa kabla ya kutua. Wenye hisabu walikuwa wameshaitaja siku na saa yake zamani. Je, hisabu ilitwambia tufanye nini? La. Mtume (s.a.w.), alipofiwa na mwanawe Ibrahim na jua likapatwa siku hiyo, aliwakataza watu kudhani kuwa jua hupatwa kwa kufa mtu, akawafundisha kuswali na kuomba. Hisabu hutwambia lini na kiasi gani. Ni nani aliyekadiria, na sisi tumsimamie vipi, hayo hutoka katika Wahyi. Nambari hazina amri wala katazo.

Basi tofauti ni hii. Maumbile yamekadiriwa na Mwenyezi Mungu, na kadiri yake haina kosa. Hisabu ni maneno ya mwanaadamu katika kuisimulia kadiri hiyo, na mwanaadamu huweza kusibu na huweza kukosea, kama nilivyokosea na tende yangu. Anayeikataa hisabu ameziba masikio asisikie ushahidi, na anayeiabudu amemsahau aliyekadiria.

Nimewaomba wenzangu wa darasa, wazee na vijana, tukutane uwanjani mwezi wa Mei inshallah, tusimike mti mmoja na tuutazame pamoja. Mzee wetu ameshakubali kuja, na kijana ameahidi kuuchukua huo mti. Nanyi ndugu mlio katika miji mingine, kila mmoja na afanye hivyo uwanjani kwake, wala msichukue kibla cha Eldoret mkakipeleka kwenu.

Mwenyezi Mungu atupe ilimu yenye manufaa, na atuunganishe nyoyo kabla ya safu. Wabillahi taufiki.