Faini au Moyo?
Agosti 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, faini ikiwa hadi shilingi milioni 4. Tuliiacha haraka! Lakini chupa, ambazo marufuku ile haikuzigusa, bado twazitupa mtaroni. Nauliza: moyo ulibadilika, au tuliogopa faini tu?

Wengine husema, "Si Yesu anarudi? Hii dunia itaungua tu." Mpangaji akijua mwenye nyumba yuko njiani, si ndio hufagia? Soma Mwanzo 2:15. Adamu alipewa bustani aitunze kabla hajatenda dhambi, kwa hiyo kazi hiyo haikuwa adhabu. Na mtaro ukiziba, mvua ikinyesha, maji huingia kwa jirani, yule yule tulioamriwa kumpenda.

Leo ukitoka ibadani, chupa yako itaenda wapi? Askari hatakuwepo. Bwana atakuwepo.