Kuachana na Kuachwa

Mahindi yakishavunwa huko Njoro na Rongai, karibu na mji wa Nakuru nchini Kenya, hupukuchuliwa na kumwagwa juu ya maturubai kando ya barabara ili yakauke. Hayarundikwi. Yanatandazwa mpaka yawe tabaka jembamba, na kila baada ya muda mtu hupita peku akiyaburuta kwa nyayo ili punje za chini nazo zione jua. Kitendo hicho tunakiita kuanika, na neno hilo lina pacha wake: wingu likijifunga juu ya mlima Menengai, watu wale wale hukimbilia kuanua. Lakini gunia likipasuka njiani na punje zikamwagika kwenye lami, hakuna atakayesema zimeanikwa. Zimetawanyika. Anayetazama punje peke yake hataona tofauti kubwa, kwa kuwa pale na pale ziko mbalimbali, zimeenea mahali papana. Tofauti ni kama kuna mtu aliyezieneza kwa nia yake, na kama mtu huyo alikusudia kuzikusanya tena.

Waingereza hutumia neno moja, spread, kwa siagi iliyopakwa mkateni, shuka iliyotandikwa, ugonjwa uliosambaa, habari zilizoenea na mbawa zilizokunjuliwa. Kiswahili hakiwezi kufanya hivyo hata kikitaka, na zaidi ya wingi wa maneno kuna jambo kubwa linalofanyika mwishoni mwa kitenzi. Tunasema walitengana, walitengwa, walitenganishwa; walitawanyika, walitawanywa. Anayesema -ana ametangaza kwamba pande zote mbili zilitenda. Anayesema -wa ametangaza kwamba kuna mtendaji, hata kama hakumtaja. Anayesema -ika ametangaza hali tupu, kama vile jambo lilijitokea lenyewe. Ninachodai ni kwamba chaguo hili ni zaidi ya sarufi. Kila anayesimulia jinsi watu walivyokuja kuwa mbalimbali huwa ametoa ushahidi kabla hajafika kwenye ushahidi wenyewe, na katika Bonde la Ufa ushahidi huo mara nyingi umekuwa wa uongo.

Kuna atakayesema nazidisha, kwamba lugha hupachika viambishi hivi hata kwa vitu visivyo na nia. Ni kweli. Chini ya Nakuru ardhi inaachana: bamba la Nubia upande wa magharibi na lile la Somalia upande wa mashariki yanasogea mbali milimita chache kila mwaka, na ukanda wa katikati umedidimia. John Walter Gregory, mwanajiolojia Mwingereza aliyepita hapa mwaka 1893, ndiye aliyeonyesha kwamba bonde hili halikuchimbwa na mto, bali lilizama kati ya nyufa mbili. Mawe hayana ugomvi, lakini tunasema yameachana. Hata hivyo, tazama kilichotokea Machi 2018, mvua kubwa iliponyesha na ufa ukafunguka karibu na Mai Mahiu, ukaikata barabara ya kwenda Narok. Wengine walisema bara linapasuka. Wataalamu wengine wakajibu kwamba maji yalikuwa yamesomba majivu laini ya volkano yaliyojaa kwenye ufa wa zamani. Swali lililobishaniwa lilikuwa la mtendaji: mabamba au maji? Wajenzi walijaza shimo kwa mawe na zege na magari yakaendelea kupita, lakini jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama kazi yao itadumu. Basi hata kwa mawe, kumtaja mtendaji si anasa.

Kwa watu jambo hili ni zito zaidi, na mtego uko kwenye -ana, kiambishi chenye sura ya upole. Chukua ndoa. Katika Kiswahili cha zamani mume huacha na mke huachwa. Siku hizi, kwa heshima, tunasema wameachana. Heshima hiyo ina thamani, kwa sababu inawaacha wawili hao wakiwa bado katika uhusiano hata wakati wa kuuvunja: huwezi kuachana peke yako. Lakini heshima hiyo hiyo inaweza kumfunika aliyefukuzwa usiku na mabegi yake, akaonekana mbele ya watu kama aliyeshiriki uamuzi.

Historia ya bonde hili ina mfano mkubwa wa aina hiyo. Agosti 1904, huko Naivasha, kamishna wa Uingereza Sir Donald Stewart alitiliana saini mkataba na Olonana na viongozi wengine wa Wamaasai. Maandishi yalisema kwamba viongozi hao wameamua kwa hiari yao kuondoka bondeni, kwenye malisho ya Naivasha na Nakuru ambako reli ilipita na walowezi walikuwa wakiingia. Wamaasai wakagawanywa sehemu mbili, wengine Laikipia kaskazini, wengine kusini mwa reli. Ahadi ilikuwa ya kudumu maadamu kabila lao lipo. Mwaka 1911 mkataba mwingine ukawahamisha wa Laikipia nao kusini. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913 kudai kwamba walihamishwa, waliambiwa mikataba ile ilifungwa kati ya dola na dola, hivyo si ya mahakama kuiamua. Yaani waliambiwa: mlikubaliana. Ile -ana ndiyo iliyofunga mlango. Kabila lililotenganishwa likaandikwa kama lililotengana, na aliyetenganisha akawa mwenzake katika mapatano.

Pingamizi ninalolipa uzito kuliko yote linatoka kwa watu wa amani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa mahema. Katika mabaraza ya upatanisho, neno lililotumika sana lilikuwa la -ana: tulikosana, tulifarakana, tulipigana. Watetezi wake husema lina ukweli na lina faida. Ukweli, kwa sababu mwishoni mwa Januari 2008, ghasia zilipofika Nakuru na Naivasha, walioshambuliwa hapa walikuwa wa jamii za wale walioshambulia kwingine. Faida, kwa sababu anayeambiwa kila siku kwamba yeye ndiye aliyefukuza hatakaa kwenye benchi moja na yule aliyefukuzwa. Nakubali yote mawili. Makabila yanaweza kweli kukosana. Lakini nyumba huchomwa mojamoja, na kila moja ilikuwa na watu ndani yake. Mtoto wa miaka mitano aliyebebwa mgongoni kutoka mji wa Burnt Forest hadi Nakuru hakuwa amekosana na mtu. Upatanisho unaodai aseme tulikosana unamtaka akiri kosa asilolitenda ili wengine wapate usingizi. Neno la jamii linapobandikwa kwa mtu mmoja, linakuwa shtaka.

Nalo tawanyika lina mahali pake halali. Maji ya Ziwa Nakuru yalipoanza kupanda baada ya 2010, chumvi yake ikazimuliwa, mwani wanaoula heroe ukapungua, na ndege hao wakatawanyika kwenda Bogoria na maziwa mengine. Kusema hivyo ni sawa: ndege hurudi hali ikibadilika, na ubishi juu ya kilichopandisha maji haujaisha. Ubaya ni kuwatumia watu neno la ndege, tena wakati mtendaji anajulikana.

Mei 2008 serikali ilianzisha mpango wa kuondoa kambi na kuuita Operesheni Rudi Nyumbani. Jina hilo lina kitenzi kimoja, na kitenzi hicho kinamwelekea aliyeondoka, kana kwamba alitoka mwenyewe na sasa anaitwa. Hakuna ndani yake neno la kuanua, la yule anayetoka na kukusanya alichokitandaza kabla mvua haijakinyeshea. Familia zilipewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha. Kuna zilizoogopa kurudi, na baadhi yake zikachanga fedha hizo zikanunua pamoja kipande cha ardhi karibu na Mai Mahiu, kwenye sakafu ya bonde. Hapo palikuwa pa kuanzia upya, na wangeweza kupaita jina lolote la matumaini. Kundi moja liliita makazi yake Vumilia Eldoret, likaacha jina la mji walikofurushwa mahali ambapo kila anayeuliza njia hana budi kulitamka.