Mchango wa Haya na Mchango wa Radhi

Katika mambo yanayozikabili madrasa na misikiti yetu ya pwani, hakuna linalorejea mara kwa mara kama jambo la michango. Paa lavuja, mwalimu hajalipwa, mayatima wataka vitabu. Na kila yanapotokea haya, kamati hukaa ikaulizana: tupate wapi fedha? Sisi twaona liko suali jengine ambalo yapasa litangulie hilo, nalo ni hili: je, yafaa kuipata sadaka kwa njia yoyote, maadamu kusudio ni jema?

Twalileta suali hili kwa kuwa sisi wenyewe tuliteleza. Miaka kadha iliyopita tulifanya mkutano wa kuichangia madrasa. Tukasoma majina kwa kipaza sauti, na kila jina likafuatwa na kiasi chake. Na aliyenyamaza tukamtaja, tukamngoja hata aseme. Fedha zilipatikana nyingi usiku ule, nasi tukafurahi. Kisha tukapata habari kwamba mmoja katika waliotoa, mtu wa kazi ya mikono, alitoa fedha alizokuwa ameziweka za kodi ya nyumba, kwa sababu jirani yake alikwisha kutajwa kabla yake. Tangu usiku ule hakuonekana tena katika darsa zetu. Tulizipata shilingi zake, tukampoteza yeye.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, alikwisha kulieleza jambo hili: kwamba mwenye kumtoza mtu kwa kumtia haya mbele ya watu ni kama aliyempiga mjeledi, ila mjeledi huu waupiga moyo badala ya mwili. Na katika Kenya hii yetu, sheria ya maadili ya mwaka 2003 iliwakataza watumishi wa umma kutumia vyeo vyao kuwashurutisha watu katika harambee. Ikiwa sheria ya serikali iliuona ubaya huu, sisi tulio na Kitabu twangoja nini?

Huenda msomaji akatujibu: mbona Mtume (s.a.w.) aliwahimiza watu mbele ya kadamnasi? Ni kweli. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba walikuja watu wa Mudhar, miguu mitupu, hawana nguo za kutosha. Mtume akabadilika uso kwa huruma, akahutubu, akahimiza watu watoe japo nusu ya tende. Ndipo mtu mmoja katika Ansari akaleta mfuko ambao mkono wake ulikaribia kushindwa kuuchukua, na watu wakamfuata. Lakini na tuangalie vizuri: kilichotangazwa pale ni haja ya maskini, wala si jina la ambaye hakutoa. Aliyetangulia alitangulia kwa radhi yake. Kadhalika Qur'ani, katika Suratul Baqara, imeisifu sadaka ya dhahiri, na ya siri ikaieleza kuwa ni bora zaidi. Basi kudhihirisha si aibu. Aibu ni kulazimisha.

Tufanyeje, basi? Kwanza, haja yenyewe ielezwe waziwazi: ni kazi gani, yataka kiasi gani, na nani ataisimamia. Pili, tutake kidogo kinachodumu, kwani tumefunzwa kuwa amali ipendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa chache. Watu 200 wakitoa shilingi 100 kila mwezi, ni shilingi 20,000 kwa mwezi, na 240,000 kwa mwaka. Na tangu ilipoanza M-Pesa mwaka 2007, mtu aweza kutoa akiwa dukani mwake, asionekane na jirani. Tatu, tuurejee mwendo wa wakfu. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaibar alimtaka Mtume shauri, akaongozwa aizuie ardhi yenyewe na ayatoe mazao yake. Duka moja ambalo kodi yake yamlipa mwalimu latuondolea mikutano mingi.

Nne, na hili ndilo kubwa, ni hesabu. Mtoaji apewe stakabadhi siku ile ile, na kila mwaka hesabu ibandikwe mlangoni mwa msikiti, baada ya kukaguliwa na mtu asiyekuwa wa kamati. Ibnul Lutbiyya alipotumwa kukusanya zaka, alirejea akaitenga sehemu akidai kuwa ni zawadi aliyopewa yeye. Mtume alisimama juu ya mimbari akalikemea jambo hilo, akauliza lau angaliketi nyumbani kwa wazazi wake, je, zawadi ingalimfikia?

Na katika Suratu Tawba, Mtume aliamrishwa achukue sadaka katika mali za watu na awaombee. Kuchukua na kuombea yamewekwa pamoja. Sisi tumeshika la kwanza tukaliacha la pili. Mtoaji hatumkumbuki ila tunapokuwa na haja nyengine. Akiugua hatumzuru, akifiliwa hatuonekani. Hivyo ndivyo afanyiwavyo ndugu, au ndivyo kitendewavyo kisima? Na tajiri naye ajue kwamba akishatoa hakununua madrasa wala mwalimu, na kwamba masimbulizi huibatilisha sadaka.

Yule bwana tulimwendea nyumbani kwake, tukamtaka radhi, na fedha zake tukamrejeshea. Alizipokea zote, nasi twaona alifanya haki. Madrasa haikufungwa kwa kuzikosa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie mali iliyotoka kwa radhi, japo iwe haba, na atulinde na ile iliyotoka kwa haya, japo iwe nyingi. Wabillahi taufiki.