Unyenyekevu si Kujidharau

Mtu akisema, “Mimi siwezi,” mara nyingi twamsifu kuwa ni mnyenyekevu. Yafaa tutazame tena. Mtumishi wa tatu katika Injili ya Mtakatifu Mathayo, sura ya 25, hakuiba talanta ya bwana wake, wala hakuitapanya. Aliogopa, akaifukia. Bwana wake alimwita mvivu, lakini mwenyewe alikiri kwamba uvivu ule ulizaliwa na woga.

Wataalamu wa elimu ya nafsi hutenga mambo mawili tunayoyachanganya. La kwanza ni mtu kujiona ana thamani. Morris Rosenberg wa Marekani alitoa kipimo chake chenye semi 10 mwaka 1965. La pili ni mtu kusadiki kwamba aweza kuitimiza kazi iliyo mbele yake. Hilo alilieleza Albert Bandura mwaka 1977. Alisema kusadiki huko kuna chemchemi nne: kufaulu kwa kutenda mwenyewe, kumwona mwenzako akifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na utulivu wa mwili na moyo. Ya kwanza yashinda zote. Watu waliohofu nyoka mno, walipoongozwa hatua kwa hatua hata kumshika, walipona woga kuliko wale waliotazama tu.

Basi, wazazi na walimu, tujihadhari. Mtoto aitwaye mjinga kila siku, talanta yake yafukiwa kwa mikono yetu. Lakini sifa tupu nazo hazimfai. Mwaka 2003 Roy Baumeister na wenzake walipitia utafiti mwingi, wakaona kwamba kumpandisha mwanafunzi majivuno hakumfanyi afaulu masomoni. Mara nyingi kufaulu ndiko kumpako kujithamini. Tumpe kazi ndogo, tumwache aimalize, kisha tumpe iliyo kubwa kidogo. Akikosea, tumwonyeshe kosa, tusimtukane.

Wala tusisahau: thamani ya mtu haitokani na kazi zake. Mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani anayo sawasawa na mkulima hodari, kwa kuwa Muumba amewapa wote wawili bure. Thamani twaipokea, uwezo twaukuza kwa kutenda. Ajuaye hayo haogopi kujaribu, maana hata akishindwa hapotezi kitu alichopewa na Mungu.

Nani nyumbani mwako amezoea kusema, “Siwezi”? Leo mpe kazi moja aiwezayo, nawe ukae karibu naye.