IMANI NA AKILI: JAWABU KWA MWENYE SHAKA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Shukurani zote ni zake Yeye aliyemtukuza mwanadamu kwa akili akamtaka aitumie. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata nyendo zao kwa wema.

Ama baada ya hayo: liko suali ambalo vijana wengi hulificha nyoyoni mwao, nalo ni hili: Je, kumwamini Mwenyezi Mungu ni jambo linalokubaliwa na akili, au ni ada tu ambayo watu wameirithi kwa baba zao? Kijana akilitamka mbele ya wazee, aghalabu hukemewa na kuambiwa, "Nyamaza, umekufuru!" Naye hunyamaza, lakini kunyamaza si kusadiki. Shaka iliyofungiwa ndani haifi, bali hukua, hata siku moja yule kijana huacha sala, na mzazi wake asijue jambo lile limeanza lini.

Na hali Uislamu haukuja kuwaogopa wenye kuuliza. Nabii Ibrahim alimwomba Mola wake amwonyeshe namna anavyofufua wafu, si kwa kukanusha, bali ili moyo wake upate kutulia. Wala hakufukuzwa, bali alionyeshwa. Na masahaba walipomshitakia Mtume (rehema na amani zimshukie) kwamba hupitiwa nafsini na mawazo ambayo huona ni makubwa mno kuyatamka, aliwajulisha kwamba kule kuyachukia kwao ndiyo alama ya imani iliyo wazi.

Na katika wanavyuoni wa umma huu, hapana aliyeieleza shaka kwa unyofu kuliko Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus, katika nchi ya Uajemi, mwaka 1058, akafa huko huko mwaka 1111. Mwaka 1091 aliwekwa kuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, na wanafunzi mia tatu wakisoma kwake. Mtu huyu, mwenye elimu na cheo kama hicho, ameandika katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dalal kwamba alipata kuingiwa na shaka katika kila kitu. Alianza kwa kuzipima hisi zake. Aliona kwamba jicho hukitazama kivuli likasema kimesimama, na baada ya saa moja hudhihirika kwamba kilikuwa kikienda. Na kwamba huiona nyota kadiri ya dinari, na hesabu za wataalamu zikathibitisha kwamba ni kubwa kuliko ardhi. Basi akasema: ikiwa jicho hudanganya na akili ndiyo inayolifichua, ni nani ajuaye kwamba juu ya akili hapana hakimu mwingine, ambaye lau angalidhihiri angaliifichua akili nayo? Mtu aliyelala huona mambo akayaamini yote, kisha akaamka akajua hayakuwa kitu.

Maradhi hayo yalimkaa karibu miezi miwili. Na jambo la kuzingatiwa ni jinsi alivyopona. Hakupona kwa kupanga dalili, kwani dalili haipangwi ila kwa misingi ya akili, na misingi yenyewe ndiyo aliyokuwa akiitilia shaka. Alipona, kama alivyosema mwenyewe, kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake, akarudi kuiamini akili yake kwa utulivu.

Katika kisa hiki mna mafunzo kwa pande zote mbili. Asemaye, "Sikubali ila kilichothibitishwa kwa dalili," na aulizwe: dalili gani ilimthibitishia kwamba akili yake inafaa kuaminiwa? Hana, ameiamini kwanza, kisha ndipo akaanza kutafuta dalili. Kwa hiyo hapana mtu, awe mwenye kuamini au mwenye kukanusha, asiyesimama juu ya kitu alichokiamini bila ya burhani. Lakini wala muumini asiifanye hoja hii kuwa ruhusa ya kusadiki kila uzushi, kwani al-Ghazali alipopona hakuitupa akili, bali aliirudia.

Basi akili yasema nini juu ya Muumba? Jubayr bin Mut'im alikuwa bado mshirikina alipokwenda Madina kwa ajili ya mateka wa Badri, vita vilivyopiganwa mwaka 624. Akamsikia Mtume katika sala ya magharibi akisoma Sura ya At-Tur, pale Mwenyezi Mungu anapowauliza wakanushaji kama wameumbwa pasipo kitu, au kama wao wenyewe ndio waumbaji. Jubayr amesimulia kwamba moyo wake ulikaribia kuruka. Aya zile hazikumtisha kwa moto wala hazikumshawishi kwa pepo. Zilimwekea njia mbili, na akili yake ikaona kwamba zote mbili zimefungwa.

Ipo pingamizi mashuhuri. Bertrand Russell, bingwa wa mantiki wa Uingereza, alisema katika hotuba yake mjini London mwaka 1927 kwamba, ikiwa kila kitu kina sababu, basi Mungu naye ana sababu. Na ikiwa chawezekana kitu kuwako bila ya sababu, basi chaweza kuwa ni ulimwengu wenyewe. Mtu huyu hakuwa mjinga, na mwenye kumjibu kwa matusi amekiri kwamba hana jawabu.

Jawabu ni kwamba wanavyuoni hawakusema kila kitu kina sababu. Al-Ghazali alisema kila kilichoanza kuwako kina sababu. Na Ibn Sina (980–1037), ambaye hata hakuona kwamba ulimwengu una mwanzo katika zama, alisema kila kiwezacho kuwako na kutokuwako chahitaji chenye kukipa kuwako. Mfano wake ni mtu mwenye shilingi mkononi. Akiulizwa ameipata wapi, asema amekopa kwa jirani. Na jirani amekopa kwa mwingine, na huyo kwa mwingine. Ikiwa wote ni wakopaji, wala hapana hata mmoja mwenye mali yake mwenyewe, shilingi ile isingalikuwako mkononi, ijapokuwa wakopaji ni elfu au hawana hesabu. Na ulimwengu wote, kwa nyota zake na bahari zake, ni mkusanyiko wa vitu vilivyokopa kuwako. Wakopaji wakikusanyika hawawi tajiri.

Na asemaye, "Simwamini nisiyemwona," na amtazame nahodha. Yeye haioni nguvu inayoigeuza sindano ya dira, bali huijua kwa athari yake, naye huweka roho za abiria wake juu ya ujuzi huo.

Imebaki hoja ya misiba: kwa nini mtoto asiye na dhambi huteseka, na Mola ni Mwenye kurehemu? Hoja hii ni nzito kuliko zote. Yatosha kusemwa kwamba anayelalamika juu ya dhulma amekiri kwamba iko haki, na haki haipatikani katika vumbi linalokwenda bila ya kukusudiwa. Lakini jawabu hili ni la barazani. Aliyefiliwa na mwanawe hapelekewi mantiki. Hupelekewa chakula, na mtu wa kukaa naye.

Basi kumwamini Mwenyezi Mungu si kinyume cha akili. Hata hivyo, dira haiendeshi chombo. Mwaka 1095 al-Ghazali alikuwa na hoja zote mkononi, na ulimi wake ukamfunga asiweze kufundisha, kwa kuwa alitambua kwamba nia yake katika kufundisha ilikuwa cheo na sifa za watu. Akaacha Baghdad na heshima zake, akaenda Sham kuitafuta ikhlasi. Hoja ilikuwa imemjulisha. Bado alikuwa hajaitii.

Wazee na wawasikilize vijana wao, na asiyejua jawabu na aseme hajui, kisha ampeleke mwanawe kwa ajuaye. Na kijana naye ajihoji kwa insafu: je, amekataa kwa kuwa dalili imemshinda, au kwa kuwa sala imemshinda?

Mwenyezi Mungu awaongoze wenye kutafuta, na awape subira wenye kuulizwa. Amin.